Siku moja na boti ya Ngamba: pomboo hatuna, karibuni

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri simu inalia kabla ya adhana. Ni nahodha. Mzee huyu hajawahi kunisalimu bila kutanguliza habari za upepo. "Dada, usiku radi ilikuwa upande wa kisiwa cha Koome. Sasa kumetulia, tunatoka." Akakata.

Mimi ni mtoto wa Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Kwetu upepo una majina na miezi yake, kusi na kaskazi. Hapa Entebbe, Uganda, ukingoni mwa Ziwa Victoria, upepo una saa. Usiku ngurumo huwa ziwani, asubuhi maji hulala, na mchana ukishakolea upepo unageuka, unavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, mawimbi yanaamka. Ndiyo maana kazi yetu ni ya watu wa alfajiri.

Kazi yenyewe ni kupeleka wageni Kisiwa cha Ngamba kuona sokwe, kuwalisha chakula cha mchana na kuwarudisha wakiwa wazima. Boti ni ya mbao, ndefu, ina paa la turubai na injini ya farasi 40. Mimi ndiye mwongozaji, mpishi, mshika kamba, na mshika mgongo wa anayetapika. Nimeolewa huku mwaka wa nane sasa. Mume wangu ni Mnubi, kizazi cha askari waliotoka Sudan zamani, kwa hiyo nyumbani ni Kiswahili kutwa, na Kinubi mama mkwe akikasirika.

Saa kumi na mbili niko Kigungu, mwaloni. Hapa ndipo walipotua wamisionari Wakatoliki wa kwanza, tarehe 17 Februari 1879, na kumbukumbu yao ipo pale pale. Lakini asubuhi kinachotafutwa ni samaki. Sangara wakubwa wana wenyewe, viwanda vinawasubiri kuwakata minofu na kuwapeleka nje. Mimi nataka sato, ngege kwa Kiganda, wa kuenea sahani. Nafunua mashavu. Yakiwa mekundu kama nyama ya tikiti nanunua, yakiwa ya kahawia namrudisha hata muuzaji aape kwa babu yake. Leo nimechukua kumi. Mama mmoja huwapaa magamba kwa kisu kifupi huku anaongea na watu watatu, na hajawahi kujikata.

Nazi nilinunua jana soko la Kitooro. Bei yake huku sitaisema, mama yangu atalia.

Nyumbani nawachanja, ndimu, chumvi, kitunguu saumu, pilipili kidogo, kisha juu ya makaa mpaka ngozi ishike. Tui zito nalipika kando na bizari na kulimimina kwenye chupa ya chai, ile ya kuhifadhi moto. Huo ni ujanja wangu mwenyewe. Ukimpaka samaki tui asubuhi, mpaka saa saba amekuwa uji. Ukilibeba likiwa moto ukammwagia mezani, mtu anadhani jiko liko nyuma ya kichaka.

Saa mbili na nusu wageni wanafika gatini. Leo ni wanane: vijana wawili Wajerumani ambao ni mke na mume, wafanyakazi wawili wa ofisi kutoka Kampala waliochukua likizo ya siku moja, na familia ya Dar es Salaam, baba, mama, bibi, na mtoto wa kiume wa miaka tisa hivi. Mtoto amevaa shingoni miwani ya kuzamia na mrija wake.

Nikaona mrija ule, moyo ukanidunda.

Baba mtu akanyoosha simu. Tangazo la wakala mmoja: siku nzima ya boti, kuogelea na pomboo, kuangalia samaki chini ya maji, chakula kisiwani. Picha ya pomboo hewani, maji ya buluu kama buluu ya kufulia. Chini, jina la safari yetu.

"Dada, hapa ni wapi?"

"Kaka, hapo ni chumvi. Sisi tuko maji matamu."

Nikamweleza. Ziwa hili ni kubwa, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, ukisimama ufukweni unaweza kuapa ni bahari. Lakini liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Pomboo wa kufika hapa angepanda mto Nile kutoka Misri, aruke maporomoko yote ya njiani, atokee Jinja akiwa na miguu. Baba akanyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya gati. "Yaani Kizimkazi ya Zanzibar ninavuka boti tu kutoka nyumbani, pomboo wapo. Nimekuja kuwatafuta Uganda!"

Nahodha hakucheka. Akasema anayetaka kurudishiwa pesa yake arudishiwe sasa hivi, kabla injini haijawaka. Hakuna aliyetaka. Wakala huyo nilimpigia simu baadaye, nitafika huko.

Mtoto naye hoja yake ni moja. "Sawa, pomboo hakuna. Nitaogelea tu."

Hapa sina budi kuwa mchungu. Nikachuchumaa, nikamwambia habari za kichocho. Kuna konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya ukingoni. Wanatoa vijidudu ambavyo huvioni hata kwa hiyo miwani, navyo vinapenya ngozi bila kuuma. Miezi baadaye ndipo tumbo linasema. Dawa ipo, mimi nimeshaimeza mara mbili, na sikuipenda. Wapo wanaowaruhusu wageni kujitosa katikati ya ziwa, mbali na majani, wakisema huko hatari ni ndogo. Huenda ni kweli. Boti yetu hairuhusu. Mtoto akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza konokono hao wanaitwa nani. Sikujua.

Saa tatu, laifujaketi. Kila mtu, na vifungo vyote. Mmoja wa wale wa Kampala akataka kulikalia kama mto. Nahodha akazima injini, akafumba mikono. Watu wa hapa hawajasahau Novemba 2018, boti ya starehe ilipozama karibu na ufuko wa Mukono, wakafa zaidi ya watu 30, nchi kavu wakiiona. Bwana yule akalivaa.

Tukatoka. Ngamba ni kilomita 23 hivi kusini mashariki, na kwa boti ya mbao ni saa moja na nusu. Maji yalikuwa kama mafuta. Furukombe mmoja alikuwa juu ya nguzo, kichwa cheupe, anatutazama kama mtoza ushuru. Wale wa Kampala walianza na Kiingereza, lakini bibi wa Dar hakuwapa nafasi, akawavuta kwenye Kiswahili chao cha kubabaisha. Zamani huku walikiita lugha ya askari. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, na tangu hapo naona watu wazima wanakijaribu kwa aibu kidogo, kama mtu aliyevaa viatu vipya. "Bibi, nyinyi mnakula nini kule?" "Tunakula nini? Baba, kaa hapa."

Njiani tunavuka ikweta. Hakuna mnara, hakuna mstari, ni maji tu. Nasimama na simu, nasoma namba za ramani zikishuka hadi sufuri, kisha naziona zikianza upya upande wa kusini. Nahodha hupunguza mwendo ili watu wapige picha ya mahali pasipo na kitu. Wajerumani walipiga nyingi.

Saa tano ndiyo saa ya kisiwa. Hifadhi ya Ngamba ilianzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya sokwe yatima, ambao mama zao waliuawa na majangili au wenyewe walikamatwa wauzwe wakafugwe. Sasa wako takriban 50. Kisiwa chote ni hekta 40 tu, karibu chote msitu, na msitu huo hautoshi kuwashibisha. Kwa hiyo wahudumu huja na ndoo za matunda na mboga, wageni wakiwa jukwaani nyuma ya uzio wa umeme.

Kwanza hakuna kitu. Miti tu. Kisha unasikia. Mlio unaanza chini, hu, hu, hu, unapanda, unapasuka, na mwingine anaupokea upande wa pili, na mwingine, mpaka bibi akanishika mkono. Wakatoka. Wakubwa mbele, wanatembea kwa ngumi, nywele zimesimama. Mhudumu akarusha karoti. Sokwe akainua mkono mmoja akaidaka bila kuhangaika, kama kondakta anayepokea nauli. Jike mmoja hakusukumana na mtu. Alikaa pembeni, kiganja wazi, akisubiri. Kipande cha papai kikaangukia nje ya uzio. Akaenda kichakani, akarudi na kijiti, akakipeleka polepole chini ya waya, akakivuta kile kipande sentimita kwa sentimita. Kijiti kikavunjika. Akakitazama, akatupa, akaenda kutafuta kingine kirefu zaidi.

Mtoto alikuwa ameacha kushika miwani yake.

"Kwa nini hawatoroki?" akauliza. Nikamwonyesha ziwa. Sokwe hajui kuogelea. Upande wetu ni waya, pande nyingine zote ukuta wao ni haya maji.

"Kumbe hata wao hawaruhusiwi kuogelea," akasema. Akaridhika kabisa, kana kwamba sheria sasa imekuwa ya haki.

Saa saba, chini ya kivuli, natandika kanga. Sato, wali, matooke ya kusonga kwa sababu nahodha hali mchana usio na matooke, na mchuzi wa karanga. Nikafungua chupa ya chai. Wajerumani wakanyoosha vikombe. Tui la njano likamwagika juu ya samaki, mvuke ukapanda, bibi akafumba macho.

"Mwanangu, hili umelikamua mwenyewe?"

"Mwenyewe, bibi."

"Limekosa ukwaju."

Kweli limekosa ukwaju. Nimepika sato wa kupaka kwa miaka kadhaa na hakuna Mganda aliyewahi kuniambia. Nahodha yeye husema samaki wa nazi ni samaki wa keki, kisha anakula wawili.

Ni wakati huo waliponiuliza habari za pomboo wa kwetu. Nikawaambia. Shimoni unapanda boti asubuhi kwenda Kisite, miwani na mrija juu ya matumbawe, kisha mchana unakula kaa na samaki Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja. Kazi hiyo nimeifanya nikiwa msichana, nikibeba sinia. Kaka yangu ni nahodha. Akiwaona pomboo huzima injini, anangoja. Siku nyingine wanakuja wenyewe hadi ubavuni, mama na mtoto wake, unasikia wakitoa pumzi, pfff. Siku nyingine hawaji, na wageni wananuna. Boti nyingine haziwezi kungoja: zinawakimbiza, zinawazingira, watu wanajitosa mbele yao kwa fujo. Pomboo hupumzika hata mchana, ananyonyesha hata mchana. Nimemwona mmoja akizama na mtoto mara tano mfululizo, kila anapoibuka kuna boti. Wateja wa siku ile walipiga makofi, na mimi nilikuwa nagawa soda.

Baba akasema, "Basi tangazo lile la wakala limetuokoa." Sikukubaliana naye. Tangazo la uongo ni uongo tu.

Saa nane nahodha akaanza kutazama juu. Tukafunga.

Katikati ya safari kurudi, kusini, ulisimama moshi juu ya maji. Nguzo nyeusi, inapinda, inatembea. Mke wa Mjerumani akauliza kama meli inaungua. Nahodha akasema neno moja, "Sami," akavuta kofia hadi puani.

Sami ni wadudu wadogo wa ziwani, laini, hawaumi wala hawang'ati. Lakini wanakuja mamilioni. Dakika mbili baadaye tulikuwa ndani yao. Huwezi kufungua macho, huwezi kusema, ukipumua unakula. Nikajitupia kanga kichwani, nikamfunika na bibi. Wale wa Kampala walilala chini kifudifudi. Injini ikapungua, kwa sababu nahodha hakuona mbele.

Ndipo nikasikia sauti ya pua, kama mtu anayeongea ndani ya chupa. "Nyoosha tu! Kuna boti ya wavuvi kushoto! Mbali! Sasa nyoosha!"

Mtoto amesimama omoni, mama yake kamshika laifujaketi kwa nyuma, miwani usoni, mrija mdomoni umefunikwa kwa leso, wadudu wamemjaa kioo chote na yeye anawafuta kwa kidole kama waipa ya gari. Ndiye pekee aliyekuwa anaona. Nahodha, mtu wa miaka arobaini ziwani, akafuata maelekezo yake mpaka tukatoka upande wa pili, jua likarudi.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha nahodha akamwambia, "Ahsante, kapteni." Mtoto akatoa mrija, akatema sami mmoja.

Saa kumi tuko gatini. Salamu, picha, bahasha ndogo kutoka kwa Wajerumani. Bibi akanishika mkono, nikamwambia shikamoo mara ya pili kwa kusahau, akaitikia mara ya pili. Nikaosha boti kwa ndoo na fagio. Nikampigia wakala. Akasema picha ya pomboo "inavutia wateja." Nikamwambia atoe, la sivyo nahodha hachukui tena watu wake. Saa kumi na moja na nusu ameitoa, ameweka picha ya twiga. Ngamba hakuna twiga. Nimemtumia picha ya yule jike na kijiti chake, tutaona.

Saa kumi na mbili na nusu niko mlangoni kwangu. Nikaikung'uta kanga kabla ya kuingia, sami wakamwagika chini kama pilipili manga, na kuku wa mama mkwe wakaja mbio kutoka pande zote za ua.