Karafuu za babu, mizani ya serikali

Nilidhani nitakachokishangaa nikirudi Pemba ni barabara, au simu mikononi mwa watoto, au bei ya viwanja mjini Chake Chake. Hayo nimeyaona, nimeyapita. Kilichonishika ni sauti ya ami yangu ilivyoshuka nilipomwambia asiuze karafuu mpaka rafiki yangu wa Muscat atoe bei.

Tulikuwa uani, karafuu zimeanikwa majamvini, wanawake wakichambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia mali yake. Ami akatazama njiani kwanza. "Mwanangu, hilo usilirudie. Hayo ni magendo."

Magendo! Neno hilo nililiacha hapa 1989. Nyinyi wa umri wangu mnalijua lilivyokuwa likitamkwa, sisi tuliokulia foleni za unga na sukari, skuli zikifungwa msimu ukifika ili tukachume. Miaka 26 Oman nikiambiwa kwetu kumebadilika. Na kumebadilika kweli. Mzee Ali Hassan Mwinyi alifungua biashara alipoingia urais wa Zanzibar 1984, vyama vingi vikaja 1992, serikali ya umoja wa kitaifa 2010. Mtu anauza saruji, anauza simu, anajenga hoteli. Lakini karafuu za mkarafuu alioupanda babu yake, mnunuzi halali ni mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, lile lile la 1968.

Niacheni niliseme hili, maana limeninyima usingizi. Mimi si katika wanaolilia mashamba ya kifalme. Babu yangu alikuwa na mikarafuu thalathini tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa ya serikali, watu wakagaiwa eka tatu tatu, na wengi walikuwa hawajapata kumiliki hata mnazi. Hilo nalisifu. Ila aliyepewa shamba hakupewa mizani: kupima na kupanga bei kulibaki kwa serikali. Miaka ya 70 bei ya dunia ilipopanda, mkulima alipata sehemu ndogo mno, tofauti ikaingia hazina. Kwa fedha za karafuu mji wa Unguja ulipata majumba ya Michenzani, yaliyochorwa na Wajerumani wa Mashariki, na televisheni ya rangi 1973. Sisi Pemba, tunaotoa karafuu nyingi kuliko Unguja, tulisomea vibatari. Wa kumlalamikia hakuwepo: Baraza la Mapinduzi ndilo lililotunga sheria, ndilo lililopanga bei, na Baraza la Wawakilishi halikupatikana mpaka 1980. Ujerumani Mashariki yenyewe imezikwa tangu 1990. Mizani yetu ipo.

Wala serikali ya Mapinduzi siyo iliyoivumbua mizani hiyo. Muingereza naye miaka ya 1930 alikipa chama kimoja cha wakulima nguvu juu ya biashara ya karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa 1937, mwaka wa pili Muingereza akakubali suluhu. Wafanyabiashara wale walikuwa na mtaji wa kusubiri. Ami ana majamvi manne na mawingu ya mvua ya vuli.

Nitasema na haki ya serikali. Tangu 2011 serikali imeamua mkulima apate asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje, na kwa fedha hizo ami ameezeka bati. Nimefurahi kuliona paa lile. Lakini asilimia 80 hiyo ataipimia wapi, na mnunuzi wa pili hayupo? Anaambiwa bei, anaipokea, anashukuru. Mzee wa miaka sabini na tano anashukuru kwa jasho lake mwenyewe!

Kwa hiyo nyinyi mliobaki Oman na mnajiandaa kurudi: msimuahidi mtu karafuu. Mkitaka kuwasaidia wazee, tumeni pesa kabla ya msimu, kwa sababu wachumaji hulipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha walichochuma, na hawangoji mpaka karafuu zikauke. Leteni maturubali mazito. Na hakikisheni karatasi za shamba zipo mkononi mwa mtu aliye hai, kabla hamjaanza kuota biashara.

Jioni wingu lilijikusanya upande wa bahari, tukakunja majamvi mbio, ami akicheka kwamba bado naijua kazi. Hakulitaja tena lile neno. Usiku nilimpigia rafiki yangu nikamwambia asinisubiri. Akauliza kama bei yake ilikuwa ndogo.

Sikupata hata kumuuliza ni bei gani.