Nilitengeneza kikaushio cha dagaa, akina mama wakakibomoa

Kwanza niseme mimi ni fundi mzuri. Ndiyo maana nilipoombwa nisaidie kikundi cha akina mama waanikaji wa dagaa kwenye mwalo mmoja (ufuko wa kushushia samaki) huko Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, sikuona haja ya kuuliza maswali. Nilichora usiku mmoja tu: sanduku la mbao refu kama kitanda cha watu wawili, kuta na paa la nailoni ile ngumu ya vitalu nyumba, ndani trei tatu za wavu. Nikalijaribu uani kwangu Mwanza kwa mchicha. Mchicha ukakauka na rangi yake. Nikapiga picha, nikazirusha kwenye kila kundi la WhatsApp nililomo, hata lile la harusi iliyokwisha zamani.

Kufika mwaloni, siku ya kwanza jua likawaka kweli. Tukamwaga ndoo mbili za dagaa wabichi, nikafunga mlango, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nailoni ilikuwa inatoa jasho, matone yanadondokea samaki. Nikafungua. Harufu iliyonipokea ilikuwa ya supu. Dagaa hawakukauka, waliiva! Ukimshika mmoja, kichwa kinabaki trei, kiwiliwili mkononi, na ile fedha yao inayong'aa ambayo mnunuzi huitazama kabla ya kitu kingine chochote, imegeuka kijivu. Mama mwenyekiti akazunguka lile sanduku mara mbili, mikono kiunoni, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Fundi mwanangu, hiki ni cha dagaa au cha kuangulia vifaranga?"

Na hapo nilikuwa nimeingiza ndoo mbili tu. Mtumbwi mmoja ukirudi na neema asubuhi unashusha ndoo makumi. Ningehitaji masanduku kuanzia ufukweni mpaka kanisani.

Kijana wa chuo aliyetuunganisha hakukata tamaa. Akatukusanya akasema hiyo ndiyo raha ya "maabara hai": kitu kinajaribiwa palepale watu wanapofanyia kazi, na watumiaji ndio wanaokirekebisha. Akaeleza kwamba Ulaya wana mtandao wa maabara za namna hiyo tangu 2006. Bibi mmoja aliyekuwa anachambua dagaa akamkatiza: "Kwa hiyo mjukuu wangu, panya ni sisi?" Kikao kikaishia kwenye kicheko, lakini tangu siku hiyo walianza kunisema bila kunionea aibu, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kosa langu jingine lilikuwa kalenda. Niliitisha vikao asubuhi, katika siku za giza, mwezi usipoonekana. Anayejua ziwa atanicheka. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na asubuhi kila mwanamke yuko kwenye mzigo. Ikija mbalamwezi mitumbwi inapumzika, nikadhani sasa nimewapata. Kumbe wamekwenda mashambani. Mwishowe tukakubaliana siku mbili za mwanzo wa mbalamwezi, jioni, kabla jembe halijatoka.

Vichanja, yaani meza za kuanikia zilizoinuliwa juu ya mchanga, walikuwa wanavijua. Vilijengwa vingi hapo miaka ya nyuma na mradi mmoja, na nilivikuta vimeanikwa kanga. Nikauliza sababu (nimeshajifunza kuuliza). Virefu mno: mwanamke mfupi ananyoosha mikono mpaka kwapa linauma. Vipana mno: katikati hakufikiki, dagaa wa kati hawageuzwi, wanaoza. Miguu ililiwa na mchwa, na iliyobaki ikawa kuni. Na kubwa kuliko yote: mnunuzi alilipa bei ileile, wawe wa kichanjani au wa mchangani. Mchanga ni wa bure, una joto linalotoka chini, unamwaga na kufagia. Sasa kwa nini ujisumbue?

Tukaanza upya. Urefu tulipima kwenye kiuno cha mama aliye mfupi kuliko wote, naye alisimama pale kama anapimiwa gauni. Upana, wawili wakasimama wakitazamana, wakanyoosha mikono mpaka vidole vikagusana: mita 1.2 na kidogo. Miguu tukaipaka oili chafu ya gereji. Kitanda ni wavu wa dagaa uliochakaa, na chini yake waya kila shubiri mbili, la sivyo unabonyea kama machela na samaki wote wanakusanyika katikati. Kuna mjuaji alitushauri tutumie vyandarua vya kliniki. Vile vina dawa ya kuua mbu, jamani. Msianikie chakula.

Na sanduku langu? Walilibomoa mbele yangu. "Toa hizi kuta, acha paa," mwenyekiti alisema, na sikuwa na la kujibu. Nailoni yangu ya gharama ikawa shuka: tulikunja mabomba ya plastiki yakawa matao juu ya kichanja, nailoni inakaa imekunjwa upande mmoja, na wingu likitokea watoto wawili wanaivuta kwa kamba. Upepo wa ziwa uliinyanyua mara mbili, mara ya pili tuliikuta mtini. Bibi yule wa panya ndiye aliyeleta chupa tupu za maji, tukazijaza mchanga na kuzifunga pembeni zikawa uzito. Angalau mchanga ukapata kazi.

Gharama sikuandika vizuri. Kichanja cha mita kumi kilikula kama laki mbili hivi, zaidi ya nusu yake nailoni. Misumari nilikopa na sijarudisha.

Lakini kilichofanya vichanja vijae si ufundi wangu, nakiri. Ni mabeseni mawili. Mwenyekiti alibeba mzigo hadi soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, akaweka mabeseni meupe ya maji mbele ya wanunuzi. Katika moja akatia konzi ya dagaa wa kichanjani, katika jingine konzi ya dagaa wa mchangani aliowanunua hapohapo sokoni. Akawapikicha kama anayetaka kupika, akawatoa, akayaacha maji yatulie. Beseni la kwanza, magamba machache. La pili, chini kumelala mchanga kama masalia ya kahawa. Mnunuzi mmoja anayepeleka mizigo Kongo aliinama, akauchota kwa kidole, akausugua. "Mama," akasema, "huu mchanga nimekuwa nikiulipia nauli mpaka Bukavu?"

Akaongeza elfu chache kwa ndoo. Wenzake wakaona. Giza lililofuata, zile kanga zikaondolewa kwenye vichanja vya zamani, nami nikapewa msumeno wa kupunguza miguu.

Masika bado yanatutesa. Mvua ya siku tatu mfululizo haina shuka, na mzigo huo unakwenda kwenye chakula cha kuku kama zamani. Kunguru na yangeyange nao wamegundua kwamba kichanja ni meza iliyoandaliwa. Mwenyekiti alipendekeza tuweke mtoto mwenye manati. Nikasema watoto waende shule. Ndiyo maana Jumamosi nikiwa kisiwani, zamu ya manati ni yangu, na mpaka leo sijampata ndege hata mmoja.