Silinda Namba Mbili

Kuanzia Juni hadi Agosti Njombe huwa na baridi kali, na ilikuwa katika majira hayo, mwaka 2018, ndipo gari letu, Toyota IST lenye injini ya 1NZ-FE ya silinda 4, lilipoanza kuwaka kwa shida kila alfajiri. Stata ilizungusha vizuri na moto ulishika, lakini injini ilitetemeka mpaka usukani ukacheza mikononi, huku moshi mweupe ukitoka nyuma. Baada ya muda mfupi ikatulia, na kutwa nzima hapakuwa na dosari yoyote. Gari hilo ndilo lililokuwa likimpeleka mama kliniki ya presha, kwa hiyo sikuweza kulichukulia jambo hilo kuwa dogo.

Katika gereji ya kwanza, fundi kijana alichomeka mashine ya kupima, ikasoma P0302, yaani silinda ya pili inamisi, haichomi mafuta inavyotakiwa. Akashauri tununue koili na plagi mpya zote. Ushauri huo haukuwa wa ajabu, kwa kuwa injini hii ina koili moja, inayotoa umeme wa cheche, juu ya kila plagi, na koili huchoka. Hata hivyo, kabla ya kutoa fedha nilimwomba abadilishane koili ya silinda ya pili na ya tatu. Kama koili ndiyo ingekuwa mbovu, ugonjwa ungehamia silinda ya tatu. Alfajiri iliyofuata mashine ilisoma P0302 ileile. Tukabadilishana plagi pia, na bado hakuna kilichohama. Hapo akataja nozeli inayopulizia mafuta, kisha pampu ya mafuta, kisha kompyuta ya gari, na kila alichokitaja kilikuwa na bei yake bila kipimo cha kukithibitisha.

Jirani alinielekeza kwa mzee mmoja mwenye gereji ya uani karibu na barabara ya Makambako, ambaye ujana wake wote aliutumia kutengeneza malori. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hata ya kufungua boneti akaanza kuuliza.

"Mwalimu, linasumbua likilala tu, au hata ukiliacha saa mbili tatu?"

"Likilala tu, mzee. Mchana linawaka kama kawaida."

"Maji unaongeza?"

"Naongeza kidogo kila wiki, lakini chini sioni hata tone."

"Limewahi kuchemsha?"

Nilimweleza kwamba mwenye gari wa kwanza alituambia liliwahi kuchemsha likipanda mlima Kitonga, akajaza maji ya bomba na kuendelea na safari. Mzee akatikisa kichwa, akasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na sehemu yenye silinda, imeungua mahali padogo sana. Injini ikizimwa ikiwa ya moto, alieleza, maji bado yana presha, nayo huyasukuma polepole kupitia ule upenyo mpaka ndani ya silinda; usiku kucha yanakusanyika, na asubuhi plagi inalowa isiweze kuchoma mafuta. Injini ikipata joto chuma kinatanuka, upenyo unabana, na kila kitu kinaonekana kizima. Nilimuuliza mbona oili haikuwa imechanganyika na maji ikawa nyeupe kama maziwa. Alijibu kwamba si kila gasketi iliyoungua inafungulia maji njia ya kwenda kwenye oili.

Hakutaka nimwamini kwa maneno. Jioni, injini ikiwa imepoa kiasi cha kufungua rejeta bila hatari, alifunga mahali pa mfuniko kifaa alichokitengeneza mwenyewe: mfuniko chakavu aliouchomelea vali ya tairi. Akajaza upepo kwa pampu ya baiskeli yenye geji mpaka ikafika takriban bar 1, ambayo ni karibu na presha inayoshikiliwa na mfuniko mzima, na gari likalala hivyo. Alfajiri mshale ulikuwa umeshuka. Alichomoa soketi za koili na nozeli, akatoa plagi zote, akanitaka nisogee pembeni, kisha akazungusha stata. Matundu matatu yalitoa upepo mkavu. Tundu la pili lilirusha ukungu wa maji hadi kwenye kioo cha mbele. Kwa tochi tukaona vichwa vya pistoni: vitatu vyeusi kwa masizi, na kile cha pili kinang'aa, kimeoshwa na mvuke.

Hedi iliposhushwa, ukingo wa gasketi kati ya njia ya maji na silinda ya pili ulikuwa umeliwa na kutu. Mzee aliweka rula ya chuma juu ya hedi, na fila, ubapa mwembamba wa kupimia nafasi, ya milimita 0.05 ikapita chini yake katikati, ishara kwamba hedi imepinda, kwa hiyo ikapelekwa kufesiwa, yaani kusawazishwa uso wake. Alifunga bolti kwa spana ya torki, kuanzia katikati kwenda nje, kisha akaziongezea mzunguko wa digrii 90, na 90 nyingine. Alisisitiza kulanti, dawa maalumu ya kupozea injini, badala ya maji matupu, na mfuniko mpya wa rejeta, kwa sababu katika mwinuko wa karibu mita 2,000 maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Baada ya hapo akarudia kipimo cha usiku, na mshale haukusogea.

Desemba, tukitoka Morogoro, tulipanda Kitonga mama akiwa kiti cha nyuma. Nilikagua kulanti tulipopumzika Ilula, ikawa kwenye alama yake. Yule fundi kijana, ambaye nilimwalika aje kushuhudia kipimo, aliomba kukichunguza kile kifaa cha mzee. Kabla mwaka haujaisha naye alikuwa amekwisha kuchomelea vali kwenye mfuniko wake, na akaanza kuwauliza wateja wa gari linalomisi asubuhi kama wanaongeza maji.