Floraidi ya Utah na magadi ya mama

Mwaka 2025, jimbo la Utah nchini Marekani lilipokuwa la kwanza kupiga marufuku uwekaji wa madini ya floraidi katika maji ya bomba, habari hiyo haikuchukua siku nyingi kufika katika kundi la simu la familia yetu, ikiwa imekatwa mwanzo na mwisho na kuongezewa onyo kwamba kila mwenye dawa ya meno yenye floraidi aitupe. Shemeji yangu anayeishi Moshi, akijua kwamba mimi ndiye ninayefuatilia habari za afya kuliko wengine nyumbani, aliniuliza kama ni kweli tumekuwa tukijipaka sumu mdomoni miaka yote hii. Sikumjibu siku hiyo. Swali lake lilinitonesha kidonda, kwa kuwa meno yangu ni ya rangi ya kahawia tangu yalipoota, na kilichoyafanya hivyo ni floraidi hiyohiyo.

Nilikulia Maji ya Chai, mashariki mwa mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru. Mlima huo ni volkano, na floraidi iliyomo katika miamba yake huyeyuka polepole na kuingia katika chemchemi, mito na visima. Utotoni sikujua kwamba meno yangu yana kasoro, maana wenzangu wengi darasani walikuwa na meno ya namna hiyo, mengine yakiwa na michirizi, mengine madoa na vishimo. Nilijua nilipokwenda sekondari ya bweni katika mkoa wa mbali, ambako mwalimu aliniita pembeni, kwa nia njema naamini, akaniuliza kama navuta sigara. Nilikuwa na miaka 14. Tangu siku hiyo nilizoea kucheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja, na hata katika picha za harusi yangu nimefumba midomo. Ninaliandika hili kwa sababu watu wengi wa kwetu wanalijua bila kulisema, na kwa sababu wapo waliopata madhara makubwa kuliko yangu: watoto waliopata matege, na watu wazima ambao mifupa yao ilikakamaa baada ya miaka mingi ya kunywa maji hayo.

Nilipoanza kufuatilia habari ile ya Utah nilikuta kwamba huko Marekani nako kisa kilianza na meno kama yangu. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alianza kazi katika mji wa Colorado Springs, akakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia ambayo hakuna aliyeweza kumweleza chanzo chake. Alikitafuta chanzo hicho kwa takribani miaka 30, na katika kutafuta akaona jambo ambalo hakulitarajia, kwamba meno hayo yenye madoa hayakuoza kwa urahisi. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya alumini, alipima maji ya sehemu zilizoathirika na kuikuta floraidi. Baada ya hapo watafiti walianza kuuliza ni kiasi gani kinacholinda jino bila kuliharibu, na Januari 1945 mji wa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, ukawa wa kwanza duniani kuongeza floraidi katika maji yake kwa makusudi, takribani miligramu 1 kwa lita.

Kwa hiyo ubishi wa Utah ni juu ya maji ambayo kwa asili yana floraidi kidogo, na ambayo serikali kuu ya Marekani tangu mwaka 2015 ilipendekeza yafikishwe miligramu 0.7 kwa lita. Huko mzazi anapigania haki ya kuamua anachokunywa mtoto wake, na daktari wa meno anahofia watoto wa maskini ambao meno yao yataoza. Wote wawili nawaelewa. Hata hivyo, kwetu tatizo ni floraidi kuzidi: Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na nchi yetu iliwahi kwa miaka mingi kuruhusu hadi miligramu 8 katika maji ya vijijini, kwa sababu katika maeneo kama yetu maji mengine hayakuwepo. Ngurdoto, karibu kabisa na nyumbani, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti ambacho kazi yake ni kuiondoa floraidi, hasa kwa kuchuja maji kupitia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kuchemsha hakusaidii kitu katika hili: vijidudu hufa, lakini floraidi hubaki, na maji yanapopungua kwa mvuke huzidi kukolea.

Nilimjibu shemeji kwamba dawa ya meno asiitupe. Mtu mzima huipigia mswaki na kuitema, na inayalinda meno yake yasioze. Kwa mtoto chini ya miaka 3 inatosha kiasi cha punje ya mchele, kwa kuwa hajajua kutema.

Kilichonisumbua zaidi ni magadi. Watafiti waliochunguza vijiji vya kaskazini walikuta watoto wenye meno ya rangi hata pale ambapo maji yalikuwa na floraidi kidogo, na magadi ya kupikia yalikuwa miongoni mwa sababu walizozitaja. Mama yangu ameyatia magadi katika makande maisha yake yote. Nilipomweleza, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, makande bila magadi yanakula kuni. Kuni zenyewe unazijua bei yake?" Hoja yake ni ya kweli, na sikuwa na haki ya kuipuuza. Tulikubaliana kwamba mahindi na maharage yalowekwe tangu jioni na maji yake yamwagwe kabla ya kupika, na gharama ya kuni zinazoongezeka niibebe mimi. Kwa mlenda hakukubali kuacha, nami sikumlazimisha. Mwanangu anapokuwa kwa bibi yake hapewi mlenda. Hapewi pia chai ya majani, kwa kuwa mchai hukusanya floraidi katika majani yake, na uji wake unapikwa kwa maji ya mvua tunayoyakinga kwenye tangi.

Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Meno yake ya utoto ni meupe, lakini hayo hayanipi jibu, kwa sababu madoa huonekana zaidi kwenye meno ya kudumu, na ya mbele ndiyo yanaundwa sasa ndani ya taya, kwa kile anachokula na kunywa mwaka huu. Yataanza kuota atakapofika miaka 6 au 7.