Mvua ya Nandi, mafuriko ya Kano

Huku Kano, kaunti ya Kisumu nchini Kenya, unaweza kulala mbingu ikiwa na nyota na uamke maji yamefika kitandani. Mto Nyando unaanzia milima ya Nandi, unateremka kwa kasi, kisha ukifika kwetu kwenye tambarare unakosa njia na kutapakaa mashambani. Ndiyo maana wakongwe wetu hawatazami tu wingu lililo juu ya boma lao. Radi ikimulika upande wa Nandi tangu jua linapotua, dani yangu, yaani nyanya yangu, huagiza mbuzi wahamishwe na mbegu zipandishwe darini, hata kama uani kwetu ni vumbi tupu.

Mimi ni katibu wa chama cha akina mama upande wa Ahero, na semina za tabianchi nimehudhuria nyingi. Nyingi hufanyika hotelini Kisumu mjini. Huko nilielezwa jinsi maji ya Bahari Hindi upande wa Afrika Mashariki yalivyopata joto kupita kawaida mwaka 2019, mvua za vuli zikazidi, na mvua zilizofuata zikaongezea, hadi Mei 2020 Ziwa Victoria likafika kimo ambacho halikuwa limekifikia tangu 1964. Ni kweli tupu, na wenzetu wa Dunga, kando ya ziwa, waliyaona maji hayo yakiingia ufuoni mwao. Lakini nilirudi nyumbani bila kujua nipande nini.

Siku iliyotufaa ni ile afisa wa kilimo alipotufuata kijijini na utabiri wa msimu kutoka Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Alisoma kwamba huenda mvua ikawa zaidi ya kawaida. Mama mmoja akauliza, "Zaidi ya kawaida ni kufika wapi? Itafika kwenye mwembe?" Yule kijana hakuujua mwembe huo. Kwa sifa yake, alifunga faili akaomba apelekwe.

Mwembe wenyewe uko karibu na njia ya kwenda mtoni. Kila mafuriko makubwa yakipungua, wazee hukata alama kwa panga pale yalipofika, na kwa kuwa gome hujifunga, siku hizi tunapaka rangi nyekundu juu yake. Alama ya 2024 inanifika kiunoni. Tulisimama pale hadi jua likawa kali. Kwa kila alama tuliulizana: maji yakifika hapa, ni boma la nani limezingirwa? Wajane wawili wanaoishi bondeni, nani atawabebea magunia? Choo kipi kitafurika kwanza kiharibu kisima? Kutoka hapo tukaamua mambo ya shamba. Mtama wa muda mfupi na ndengu vikae sehemu za mwinuko, ili tuvune kabla maji hayajafika. Nduma iende kule kwenye unyevu, kwa sababu yenyewe haiogopi maji. Mbegu za chama zihifadhiwe kwenye nyumba ambayo rangi nyekundu haijawahi kuifikia. Hakuna aliyetufundisha kuhusu mwembe, na hakuna kati yetu ambaye angeweza kuutabiri msimu mzima. Ilibidi vyote viwili vikutane.

Majirani zetu wa Emuhaya, kaunti ya Vihiga, walianza zamani. Ukoo wa Nganyi wa Wanyore unajulikana kwa kusoma mvua kwa maua ya miti, nyuki, vyura na mchwa. Wanasayansi wa hali ya hewa walikaa nao, wakalinganisha dalili zao na takwimu, wakatoa utabiri mmoja wenye kukubalika na pande zote, ukatangazwa barazani na kwenye redio ya jamii. Naona heshima kubwa katika jambo hilo. Mzee akiulizwa kwanza, kijiji kizima husikiliza. Tena mzee naye anahitaji msaada: dani anasema ndege waliokuwa wakitangulia mvua sasa huja ikiwa imeshaanza kunyesha, na jambo hilo linamsumbua sana.

Kwa hiyo sasa tunawatafuta watu wa juu, kule Nandi mto unakoanzia. Tumewahi kugombana nao mpakani, hilo si siri, lakini mvua inayotuzamisha wao ndio wanaoiona ikianguka. Wanajua ilianza saa ngapi na kwa nguvu gani; wakongwe wetu wanajua itachukua muda gani kutufikia. Simu moja, hata ya mulika mwizi, inatosha kuunganisha mambo hayo mawili, mradi tufahamiane kwa sura na tuaminiane.

Fungu la semina lijalo likipatikana, ombi letu kwa kaunti ni kwamba lisilipie ukumbi. Litukodie matatu ya kutupeleka Muhoroni na kupanda hadi Nandi, pamoja na dani zetu, tukaufuate mto na kuketi na wakulima wa miwa na wachuma majani chai. Tukitoka huko tuwe tumekubaliana nani atapiga simu usiku, na huku nani ataipokea.