SSD ndani ya laptopu yangu ya 2012, na diski ya zamani mahali pa DVD

Laptopu yangu ni HP ya mwaka 2012. Niliinunua hapa Arua, Uganda, ikiwa imeshatumika, na ndiyo inayobeba kazi yangu yote: sauti za wazee ninazorekodi kwa ajili ya kipindi cha Kiswahili redioni. Faili za WAV zinakula nafasi vibaya sana, saa moja ya mazungumzo ni karibu MB 600. Diski ya GB 500 ilikuwa ukingoni kujaa. Asubuhi nilikuwa naiwasha ndipo naenda kuteka maji, na nikirudi nakuta bado inajikokota. Isitoshe, Windows 10 iliachwa kupewa masasisho Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali prosesa ya umri huo. Wengi walinishauri ninunue mashine nyingine. Lakini kioo kizima, kibodi nzima, RAM GB 8; sikuona kwa nini niitupe.

Kilichonifungua macho ni sehemu ya DVD. Sijui mara ya mwisho kuweka sidii mle ilikuwa lini. Kuna fremu ndogo ya bati, mafundi wanaiita kedi, inayokaa mahali pa DVD na kubeba diski ya pili. Basi nikaamua: SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi zaidi, iingie kwenye makao ya diski ya zamani, na ya zamani ihamie kwenye kedi. Watu wengi wanafanya kinyume, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Ila kwenye laptopu nyingi za zamani njia ya DVD ni ya polepole kuliko ile ya diski kuu, na ni hasara kununua kitu chenye kasi ukakipitisha kwenye uchochoro.

Nilipokuwa Kampala nilinunua SSD ya GB 256 na kedi katika duka moja la katikati ya mji. Nikauliza kama kedi itaingia. “Nyabo, hii inaingia laptopu zote,” muuzaji akanijibu. Nikamwamini. Usiku kucha ndani ya basi, nafika Arua, naichomeka: inacheza mle ndani kama jino bovu. Kedi ziko za unene wa aina mbili, milimita 9.5 na milimita 12.7. Yangu ilitaka ile nene, nami nilipewa nyembamba. Rula ya mtoto wa shule ingeniokoa: fungua skrubu moja chini ya laptopu, vuta DVD, pima ubavu wake, ndipo uende dukani.

Nilimpigia binamu yangu Kampala, nikamtumia hela kwa simu, naye akaniletea ile nene kwa basi. Kesho yake asubuhi nikaichukua kituoni.

Kabla ya kugusa chochote nilinakili sauti zote kwenye diski ya nje. Hapo usifanye haraka. Kisha nikatoa betri, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, nikafungua. Kazi iliyonitoa jasho ni uso wa plastiki wa DVD, ule unaoonekana ubavuni. Unachoma pini kwenye kitundu chake, trei inatoka, unaubandua taratibu na kuupachika kwenye kedi. Kile kibati cha nyuma chenye skrubu mbili nacho unakihamisha, bila hicho kedi haifungiki kwenye mwili wa laptopu.

Sikunakili Windows kwenda SSD. Niliweka Linux Mint, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, faili ya karibu GB 3 niliyoipakua usiku. Mara ya kwanza kuwasha, mashine ikanirudisha kwenye Windows ya zamani iliyoko kwenye kedi! Nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows au Linux kuanza, nikaitanguliza SSD, ikakubali. Likabaki moja: diski ya zamani inasomeka lakini haikubali kuandikwa. Sababu ni kwamba Windows ilikuwa haijazimwa kabisa, ilikuwa imelala tu ili iamke haraka. Nikarudi Windows, nikashikilia Shift huku nikibofya kuzima, na tangu hapo haijanisumbua.

Sasa inawaka kwa sekunde ishirini hivi. Sauti ya saa nzima inafunguka na mawimbi yake yote kabla sijavaa spika za masikio. Betri ndiyo inayoisha mapema kidogo, maana diski mbili zinakula umeme, kwa hiyo nimeiamuru ile ya zamani ilale ikikaa dakika tano bila kazi. Na nikipanda boda naizima kabisa, kwa sababu diski inayozunguka haipendi mashimo ya barabara zetu.

Kipindi ninachokihariri kinakaa kwenye SSD, kikishatoka hewani nakihamishia kwenye diski ya zamani. Nakala nyingine iko kwenye diski ya nje, kwa dada yangu kule Mvara.