Nilivyoudhibiti Ubwiri Vinyoya Kwenye Hopi Zangu

Ukiona chipukizi la hopi, mmea unaotiwa kwenye bia kuipa uchungu na harufu, limedumaa, nene na fupi, majani yamepauka na kujikunja kuelekea chini, ligeuze uangalie mgongo wa jani. Ukikuta vinyoya vya kijivu vinavyoelekea zambarau, huo ni ubwiri vinyoya, na kwa hopi sijakutana na ugonjwa unaochosha kuliko huu. Mimi niliukuta kwenye visiki vilivyokuwa na miaka kadhaa ardhini kabla sijakabidhiwa shamba. Leo hopi zangu zinazaa vizuri. Naandika kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma huanzia kwenye bomba la dawa, ilhali kazi kubwa iko chini kabisa, kwenye kisiki, na hufanywa kwa mkono.

Hopi ni mmea wa kudumu. Mashina yake hufa kila mwaka hadi usawa wa udongo, kisha majira ya kuchipua yakifika kisiki hutoa machipukizi mapya. Hayo hupanda kamba kwa kujizungusha upande unaofuata mshale wa saa, yakijishikiza kwa vinyweleo vigumu, na yanaweza kufika mita 6 au zaidi katika msimu mmoja. Kimelea chenyewe, Pseudoperonospora humuli, hujificha majira ya baridi ndani ya vichomozo vya kisiki. Chipukizi likiamka, nacho kinaamka. Chini ya majani huzaa vifuko vinavyochukuliwa na upepo, na vikitua kwenye jani lililolowa hutoa chembechembe zinazoogelea hadi kwenye vitundu vya kupumulia vya jani, zikaingia ndani. Jani likiwa kavu, chembechembe hizo hazina pa kuogelea. Kila nilichofanya baadaye kilitokana na mambo hayo mawili: kuondoa chanzo kwenye kisiki, na kuyanyima majani unyevu.

Kabla ya yote, hakikisha ni ugonjwa huu hasa. Ubwiri unga, unaoletwa na Podosphaera macularis, huonekana kwa madoa meupe ya unga juu ya jani wala hauhitaji jani kulowa. Salfa huuzuia. Kwa ubwiri vinyoya salfa haifui dafu, maana kimelea hiki kiko kundi la oomiseti, mbali kabisa na kuvu halisi. Hiki husikia dawa za kopa, yaani shaba. Nimewaona watu makini wakipulizia salfa msimu mzima na kuishia kushangaa.

Mapema majira ya kuchipua nakata machipukizi yote ya kwanza hadi usawa wa udongo. Inauma kuyakata, kwa kuwa ni yenye nguvu na yanavutia, lakini ndiyo yanayobeba ugonjwa kutoka kisikini, na yale yanayofuata hupanda vizuri tu. Machanga yaliyo safi huliwa. Huko Ubelgiji ni mboga ya thamani. Machipukizi ya pili yakitokea nachagua mawili au matatu kwa kila kamba, mengine nang'oa. Kuanzia hapo nakagua kila kisiki mara kwa mara, hasa baada ya mvua, na kila chipukizi lililodumaa nalichomoa kutoka shinani, nalitia kwenye mfuko palepale na kulitoa shambani. Ukilitupa chini kati ya mistari, umeusambaza ugonjwa.

Mashina yakishapita urefu wa mtu, nayavua majani ya chini hadi karibu mita moja kutoka ardhini. Hewa ikapita, umande ukakauka mapema. Maji natoa kwa matone kwenye udongo, asubuhi, kamwe si kwa kunyunyizia juu. Mbolea ya naitrojeni nimeipunguza, kwa sababu ikizidi huleta majani laini mengi yanayobanana, na juu ya ubwiri utaongezewa vidukari na utitiri. Kopa natumia kwa uchache, kabla ya siku za mvua zinazofuatana, nikiheshimu kipimo cha kwenye kibandiko. Shaba haiozi. Ukiipulizia ovyo inajilimbikiza udongoni, na udongo huo ndio utakaoulisha mmea miaka yote ijayo.

Kisiki kimoja hakikusikia lolote. Nilipokipasua nilikuta michirizi ya kahawia inayoelekea wekundu ndani ya nyama yake. Kikifika hapo, king'oe chote pamoja na rizomu zake, yaani mashina yatambaayo chini ya udongo. Mahali pake nilipanda Cascade, aina iliyotolewa Marekani mwaka 1972, ambayo huuvumilia ubwiri vinyoya kwa kiasi. Fuggle ya Uingereza nayo huuvumilia, ila ni dhaifu sana mbele ya mnyauko wa Verticillium, ugonjwa wa kuvu wa udongoni ulioumiza mno mashamba ya Kent huko huko Uingereza, na mnyauko ukiingia udongoni haukutoki kirahisi. Hakuna aina inayostahimili kila kitu.

Nilikuwa nikijiuliza: mmea wenye sifa ya kuua vijidudu unashindwaje kujilinda? Jibu liko ndani ya koni, yaani yale maua ya magamba yanayoota kwenye mmea jike. Chini ya magamba kuna chembe za njano ziitwazo lupulini, zenye asidi za alfa kama humuloni, asidi za beta kama lupuloni, na mafuta ya harufu kama mirsini na humulini. Asidi hizo huzuia bakteria wa Gramu chanya, kundi moja kubwa la bakteria, ndiyo sababu bia yenye hopi haichachi upesi. Lakini nyingi zimo kwenye koni, si kwenye chipukizi changa, na ubwiri si bakteria. Ugonjwa ukifika kwenye koni zenyewe, magamba huwa kahawia na ubora wa mavuno unashuka. Uchungu wa bia nao hautokani na asidi za alfa zilivyo. Ni lazima zichemshwe hadi zibadilike umbo, huku mafuta ya harufu yakipotea na mvuke. Kwa hiyo hopi ya uchungu hutiwa mwanzoni mwa mchemsho, ya harufu mwishoni.

Koni nazichuma zikiwa nyepesi na kavu mkononi, zikibonyezwa zinarudi, na lupulini imeiva rangi. Nazikausha kwa hewa ya uvuguvugu bila kuvuka nyuzi 60 za Selsiasi, kisha naziweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa ndani ya friza. Zikiachwa kwenye joto na hewa, asidi huoza na harufu inageuka kuwa ya jibini. Chache nazitumia kwa chai ya jioni ya kuleta usingizi, matumizi ya tangu zamani. Mbwa asizikaribie hata mabaki yake: hupandisha joto la mwili wake kiasi cha kumuua.

Mashina yakishakauka nayakata na kuyaondoa yote pamoja na majani yaliyoanguka. Majirani huniomba rizomu wakati huo. Ninawapa kutoka kwenye Cascade peke yake, kwa kuwa visiki vya zamani, hata vikionekana vizima, bado vinaweza kuwa na ugonjwa ndani.